Hannah Aliyezaliwa Baharini

Audrey Duerden alistaafu kutoka kiwanda cha sapatu akiwa na miaka sitini. Walimpa saa ya ukutani na keki, akarudi nyumbani kwake mjini Nelson, kaskazini mwa Uingereza, akidhani kwamba sasa atapumzika. Hakuwahi kuolewa. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ile ya mawe alimozaliwa, moja kati ya nyumba zilizoshikana bega kwa bega kando ya mtaa unaopanda kilima, na tangu mama yake alipofariki alikuwa amezoea kula anachotaka kwa saa anayotaka. Mwaka uliofuata kaka yake Clifford akabisha mlango, begi la turubai begani, akasema amekuja kwa wiki mbili. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu na wiki mbili hizo zilikuwa bado hazijaisha.

Clifford alikuwa mpishi wa meli za mizigo tangu ujana wake mpaka pensheni. Baada ya hapo hakugusa tena sufuria.

"Mimi zamu yangu nimeshapika," alikuwa akisema, huku akivuta kiti mezani na kusubiri.

Kazi yake ilikuwa moja tu: kuunda meli ya njiti za kiberiti. Aliijenga juu ya meza ya chumba cha mbele, mezani ambapo mama yao alikuwa akiwaandalia wageni, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeweza kula pale. Nyumba nzima ilinuka gundi. Audrey alikuwa akipangusa vumbi kuizunguka milingoti kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, maana kaka yake hakutaka iguswe.

Meli hiyo ilikuwa ya Hannah. Katika ukoo wao kila mtu alijua habari za Hannah, bibi yake mama yao: alizaliwa baharini. Meli gani, ikitoka wapi kwenda wapi, hakuna aliyejua. Lakini katika mji ambao watu walizaliwa, wakafuma pamba na kuzikwa wakitazama kilima kilekile, kuwa na bibi aliyezaliwa baharini lilikuwa jambo kubwa. Mama aliisimulia habari hiyo akipiga pasi. Baba aliisimulia kilabuni, ingawa Hannah hakuwa hata wa upande wake. Na Clifford alipofika umri wa kuingia kiwandani akakataa, alisimama katikati ya jiko akasema, "Mimi nimetoka kwa Hannah." Mama alilia, lakini Audrey, aliyekuwa msichana mdogo ameketi kwenye ngazi, aliona kwamba kilio chenyewe kilichanganyika na fahari.

Basi siku moja ya mwezi wa pili, mwaka tisini na nne, Clifford alitokeza kichwa jikoni.

"Nahitaji jina," akasema.

"Jina gani?"

"La meli. Omo yake, huku mbele, imekaa sawa, nimeshaipiga msasa. Siwezi kuandika jina la kubuni kwenye meli ya bibi yetu. Si kuna zile sensa za zamani pale maktaba? Nenda ukatazame. Wewe una wakati."

Audrey alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu. Alimtazama toka chini mpaka juu, akarudisha kitambaa ndooni. Hata hivyo Jumanne alikwenda, na alijua vizuri kwamba nusu ya sababu ilikuwa kutoka kwenye ile gundi.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa ghorofani, na aliyekiangalia alikuwa Sheila Aspden, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na mazoea ya kunong'ona hata kama chumbani hakuna mtu. Alimwonyesha Audrey jinsi ya kuuvisha mkanda wa filamu kwenye mashine na kuuzungusha kwa mkono. Kurasa za sensa zilipita kwenye kioo, nyeupe juu ya nyeusi, mtaa baada ya mtaa, familia baada ya familia. Siku ya kwanza Audrey alirudi nyumbani na kizunguzungu na jicho jekundu. Jumanne iliyofuata, kwenye sensa ya mwaka elfu moja mia nane tisini na moja, aliwapata: Ezra Varley, mfumaji, na mkewe Hannah, mfumaji, na watoto wanne, katika nyumba isiyofika hata dakika tano kutoka kwake mwenyewe.

Safu ya mwisho ya ukurasa ilikuwa ya mahali mtu alipozaliwa. Mbele ya Ezra karani alikuwa ameandika Lancashire, na mji wa Colne. Mbele ya Hannah aliweka alama ya "kama hapo juu", kisha neno ambalo mwanzo wake ulikuwa umefunikwa na mstari wa penseli. Makarani waliokuja baadaye kujumlisha hesabu walikuwa wakipitisha penseli zao popote, bila huruma. Lakini mwisho wa neno ulionekana: *at sea*. Kwa Kiingereza, baharini.

Audrey aliligusa neno lile kwenye kioo. Mpaka dakika ile hakujua kwamba alikuwa na shaka.

"Bi Aspden," aliita. "Hebu njoo uone. Ndiye huyu."

Sheila aliinama mbele ya kioo, akavaa miwani. "Hongera," alinong'ona. Kisha akasogea karibu zaidi na kioo. "Ila ngoja. Hii alama hapa mbele ina maana ya kama hapo juu. Na hapo juu ni nini?"

"Lancashire."

"Basi huyu kazaliwa Lancashire, halafu kazaliwa baharini. Mtu mmoja."

"Labda meli ilikuwa karibu na pwani."

"Labda," Sheila alisema kwa upole, kwa namna ya mtu aliyeshasikia mengi katika chumba hicho. "Lakini hapa naona na vijidoa mwanzoni, chini ya penseli. Pana herufi zaidi pale. Tutazame huyu karani anaandikaje."

Walivuta viti. Katika ukurasa uleule karani alikuwa ameandika Burnley mara kadhaa, na Bradford mara moja. B yake ilikuwa kama mtu mnene aliyeinama kufunga kamba za viatu. Na d yake, hiyo ndiyo iliyokuwa na hila: mkia wake aliurusha nyuma, ukapita juu ya herufi iliyotangulia, ikawa ukitazama haraka unaona t iliyokatwa. Sheila aliweka karatasi juu ya kioo akafuatisha neno la Hannah kwa kalamu, mkunjo kwa mkunjo, kisha akaiinua karatasi. Chini ya penseli palikuwa na mtu mnene aliyeinama.

"B," alisema Audrey.

"B. Halafu a. Halafu r na d zimebanana. Halafu s, e, a."

Walikaa wakitazama. Sheila alitaja Battersea, akajikatalia mwenyewe, maana hiyo iko London. Akataja Bardsey, lakini Bardsey aliyoijua ilikuwa karibu na Leeds, na Leeds si Lancashire. Wakaivuta sensa ya miaka kumi nyuma. Humo Hannah alikuwa bi harusi mpya, na karani mwingine, mwenye mwandiko mzuri lakini masikio mabaya, alikuwa ameandika Barsey. Mwishowe Sheila alikwenda rafuni akarudi na kitabu kinene cha majina ya vijiji, akapitisha kidole.

"Bardsea," alisoma. "Kijiji. Ng'ambo ya ghuba ya Morecambe, karibu na Ulverston. Siku hizi kule ni Cumbria, lakini zamani hizo kulikuwa Lancashire." Alifunga kitabu. "Bi Audrey, hebu sema kwamba umezaliwa pale. Sema kama watu wa hapa wanavyosema, haraka."

"*Born Bardsea*," alisema Audrey.

"Tena."

Alisema tena, na mara hii alijisikia. Kinywani mwa mtu wa Nelson, mwenye kumeza nusu ya herufi zake, ilikuwa ni *born at sea*, kazaliwa baharini, bila tofauti ya kushika mkononi.

"Bado si hakika," Sheila alisema. "Tuagize filamu ya Bardsea yenyewe kutoka Preston. Huchukua muda."

Nyumbani Clifford alikuwa anaweka kamba za milingoti kwa koleo ndogo, ulimi nje. "Umelipata jina?"

"Bado," alisema Audrey, akaenda kuvua koti.

Katika majuma yale ya kusubiri alilala vizuri, alikula vizuri, alipangusa vumbi kama kawaida. Lakini jambo moja lilikuwa likimrudia kila alipokaa kimya.

Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alikuwa na mchumba, Harold Shorrock, fundi wa magari, mtu mpole aliyependa kueleza habari za injini hata kama hukumwuliza. Harold alipata kazi nzuri katika kiwanda cha magari huko Coventry akasema waoane waende wote. Majira yaleyale ya baridi baba yao alifariki kwa kifua, na mama, ambaye miguu yake ilishaanza kuvimba, hakuweza kuachwa peke yake. Audrey alimwandikia kaka yake. Hakumwomba maisha yake. Alimwomba mwaka mmoja tu, aje nchi kavu akae na mama mpaka mambo yapangike. Kadi ya posta ilifika kutoka Valparaiso, huko Chile, yenye picha ya bandari. Clifford aliandika kwamba anaumia sana, lakini bahari iko kwenye damu yao, mama mwenyewe anajua. Mama aliibandika ile kadi juu ya meko na kuwaonyesha majirani. Ikakaa pale mpaka rangi yake ikafifia. Harold alisubiri mpaka masika yaliyofuata, akaenda, na baadaye walisikia kwamba ameoa hukohuko.

Audrey hakuwahi kumchukia kaka yake kwa hilo. Huwezi kumchukia mtu kwa damu yake, kama usivyoweza kumchukia kwa urefu wake. Ndivyo alivyoliweka jambo lile, na likatulia hapo karibu miaka arobaini. Sasa likawa halitulii.

Filamu ilikuja mwezi wa nne. Sensa ya elfu moja mia nane sitini na moja, kijiji cha Bardsea, na safari hii karani alikuwa na mwandiko wa mwalimu wa shule, kila herufi imekaa kwenye nafasi yake. William Benson, kibarua wa shamba. Mkewe. Binti yao Agnes, hajaolewa, mtumishi wa ndani. Na Hannah, mjukuu, miaka mitatu, kazaliwa Bardsea. Baba hakuandikwa. Majirani wa kulia walikuwa vibarua wa shamba, wa kushoto mhunzi, mbele zaidi vibarua tena. Katika ukurasa mzima hapakuwa na baharia hata mmoja.

"Mtoto wa nje ya ndoa," alinong'ona Sheila. "Labda ndiyo maana. Hannah kaja kutafuta kazi huku, binti mdogo, watu wakamwuliza kwao wapi na baba yake nani. Wakasikia baharini, akawaachia hivyo hivyo."

"Labda," alisema Audrey. "Au ni masikio yetu tu."

Aliuzungusha mkanda mpaka mwisho, akauvua, akaurudisha kwenye boksi lake.

Jioni ile aliandaa pai ya nyama na viazi, na kabichi nyekundu ya siki pembeni, chakula ambacho Clifford hakuwahi kukikataa. Walikuwa wamekaa wawili, meza ndogo ya jikoni, magoti yakikaribia kugusana.

"Haya," alisema Clifford. "Leo ni Jumanne. Meli inaitwaje?"

"Hakuna meli."

"Vipi hakuna meli?"

"Hakuna. Alizaliwa Bardsea. Ni kijiji, ng'ambo ya ghuba. Babu yake alikuwa kibarua wa shamba."

Clifford alicheka, mdomo umejaa. "Nani kakwambia? Yule mama mnong'onaji?"

"Nimesoma mwenyewe. Mara tatu, kwa makarani watatu."

"Mama alisema baharini."

"Mama alisikia kwa mama yake, naye alisikia kwa wake. Sema wewe. Sema *born Bardsea*. Usiivute, iseme tu."

Aliisema kumridhisha. Kisha uma wake ukasimama hewani, akaisema tena polepole, na mara ya tatu hakutoa sauti, midomo tu ilicheza.

"Kibarua wa shamba," alisema hatimaye. "Shamba la nini? Ng'ombe?"

"Hawakuandika. Turnipu, nadhani, ile mizizi ya kulisha mifugo."

"Nina chale ya nanga mkononi hapa, Audrey. Nilichorwa bandarini Antwerp, ikaoza, nikalazwa. Kwa ajili ya mtu wa turnipu."

Siku nyingine Audrey angecheka. "Na mimi nilibaki hapa," alisema, "kwa ajili ya huyohuyo mtu wa turnipu."

"Nini?"

"Nilikuomba mwaka mmoja, Cliff. Ukanijibu bahari iko kwenye damu. Haikuwemo."

Clifford aliweka uma chini. Alikuwa mtu ambaye akibanwa hutafuta mzaha, na ulimi wake ulikwenda pale ulipozoea kwenda. "Unamsema Harold Shorrock? Mdogo wangu, yule hakuwa na kidevu."

Audrey aliinuka. Alichukua sahani ya kaka yake, pai ikiwa bado nusu, akaimwaga kwenye taka, akaiosha, akaifuta, akaiweka kabatini. Kisha akarudi kwenye sahani yake akamaliza kula.

Waliishi kwa adabu siku zilizofuata, na katika nyumba ile adabu ilikuwa kitu kizito kuliko ugomvi. Nipitishie chumvi tafadhali. Asante sana. Samahani, unaoga au nioge mimi? Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umefungwa, na harufu ya gundi ikaanza kupungua. Audrey hakuomba msamaha, maana alitafuta kosa lake kwa uaminifu na hakuliona.

Alhamisi moja alirudi kutoka sokoni akakuta madirisha yamejaa mvuke. Clifford alikuwa amesimama mbele ya jiko, aproni ya mama yao kiunoni, akikoroga mchuzi wa samaki wenye bizari na pilipili kama alivyofundishwa na wapishi wa Kibengali aliofanya nao kazi melini. Audrey alivua koti, akaketi, akala. Macho yalimtoka machozi kwa pilipili.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Haijazidi."

"Imezidi kidogo."

"Sawa, kidogo." Alijipakulia na yeye. "Jumamosi kuna treni ya asubuhi. Unabadilisha Preston. Nimeuliza."

Walikwenda na mkate wa nyama ya nguruwe uliofungwa kwenye karatasi, na chupa ya chai. Clifford alivaa koti lake la bandarini na kofia, akakaa dirishani kama mtoto. Baada ya Lancaster reli ilifuata pwani, na kuna mahali treni ilipita juu ya madaraja marefu yenye mchanga mtupu chini yake, mchanga wenye mifereji inayong'aa, mpaka mwisho wa macho. Clifford aliinua makalio kwenye kiti apate kuona vizuri.

Ulverston walipanda basi dogo lililowashusha chini ya kilima. Bardsea ilikuwa nyumba kadhaa, baa moja, na kanisa lenye mnara mwembamba mrefu kuliko mahitaji ya kijiji. Waliingia makaburini wakaanza kusoma mawe, Audrey upande huu, Clifford upande ule. Walipata kina Benson wawili, lakini mawe yao yalikuwa ya juzijuzi tu, tena ya watu wenye uwezo. Mama mmoja mwenye viatu vya mpira vya kufika magotini alikuwa akikata majani kando ya ukuta. Aliwaangalia muda, akasimamisha mkasi.

"Mnamtafuta nani?"

"Benson," alisema Audrey. "William. Au Agnes. Wa zamani sana, vibarua."

"Vibarua hawakuwekewa mawe." Alielekeza mkasi kwenye kipande cha majani matupu penye mteremko. "Wako hapo, wote pamoja. Huwa napakata vizuri zaidi pale, kwa sababu hakuna mwingine wa kupakata. Mmetoka mbali?"

"Nelson."

"Aa. Mbali kweli."

Clifford, aliyepita Mlango wa Magellan, kule mwisho wa Amerika Kusini, mara nyingi kuliko alivyopita mji wa Leeds, alivua kofia akakubali kwamba ni mbali.

Walisimama kwenye yale majani. Hapakuwa na la kufanya pale, wala Audrey hakuwa mtu wa kuomba kwa sauti. Alitazama kama majani yamekatwa vizuri. Yalikuwa yamekatwa vizuri.

Kisha wakashuka pwani, wakakaa kwenye gogo kando ya msitu unaofika mpaka kwenye kokoto, wakafungua mkate. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yao palikuwa na matope na mchanga, maili kwa maili, na ndege wakitembea.

"Bahari yenyewe iko wapi?" Clifford aliuliza.

"Imeondoka."

"Mama yangu wee." Alitafuna. "Kazaliwa baharini, na bahari haipo nyumbani."

Hapo Audrey alicheka, na alipocheka chai ilimpalia, na Clifford akampigapiga mgongoni kwa mkono wenye nanga. Walipotulia Clifford ndiye aliyeanza.

"Miaka miwili ya kwanza nilitapika kila siku. Naandaa chakula cha watu thelathini huku ndoo iko pembeni. Hukujua hilo."

"Hukuandika."

"Mtu anaandika hilo kwenye kadi?" Alikunja karatasi ya mkate mara nyingi. "Ungekwenda kweli? Coventry?"

Audrey alitaka kusema ndiyo. Alikuwa amelibeba jibu hilo tangu filamu ilipokuja. Lakini aliulizwa kwa utulivu, na palikuwa na nafasi kubwa mbele yake, akajikuta anafikiri kweli. Alimkumbuka Harold na injini zake. Alimkumbuka jirani yao aliyesema angeweza kumwangalia mama mchana, na jinsi yeye mwenyewe alivyokataa haraka.

"Sijui," alisema. "Pengine ningekwenda nikajuta. Pengine nisingekwenda hata ungekuja. Ila hakuna aliyeniuliza. Wewe ulikwenda, mama akalia, baba akafa, na mimi nikabaki kama kiti kinavyobaki. Ningetaka kuulizwa, Cliff. Basi."

Clifford hakufanya mzaha. Alikaa mikono katikati ya magoti, akitazama mbele. "Sikuuliza," alisema.

"Hukuuliza."

Maji yalianza kurudi. Yalikuja bila mawimbi, kama karatasi nyembamba inayosukumwa sakafuni, yakajaza mifereji kwanza, kisha yakaungana, na kwa muda mfupi kuliko walivyodhani matope yote yalikuwa yamefunikwa na iliwabidi kuhamisha chupa ya chai. Clifford alisimama akayatazama yakija kwa jicho la mtu wa kazi. Alisema hayo ni maji ya kuua, mtu akizubaa. Alisema pia ni mazuri sana.

Meli ya njiti aliimalizia kiangazi kile akaiacha bila jina. Haikupita muda akaanza kwenda Bardsea peke yake, mara kurudi siku ileile, mara kulala. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, alimwekea Audrey chai mezani kabla hajaomba.

"Yule mama wa mkasi, Bi Dorothy, ana chumba cha kukodisha. Dirisha linatazama ghuba. Nikienda, wewe utakuwaje? Nataka unijibu, usinyamaze tu halafu upanguse vitu."

Audrey alikunywa chai. Alijichunguza, kama alivyofanya pale kwenye gogo. "Nenda," alisema. "Nitakuwa sawa. Nitakukumbuka mpaka Ijumaa hivi."

"Ijumaa ya lini?"

"Hilo tutaona."

Alikwenda. Audrey alifungua madirisha ya chumba cha mbele, akapaka rangi kuta, akawaalika wanawake wawili wa kiwandani na Sheila Aspden kwa chakula cha Jumapili. Masika yaliyofuata alinunua tiketi ya basi akaenda Coventry kwa siku moja. Hakwenda kumtafuta mtu. Alitembea mjini, akapita mitaa ya nyumba za matofali alizodhani wangeweza kupanga, akanywa chai mahali palipojaa watu, akanunua viatu vya kutembelea. Vilikuwa viatu vizuri, na mji ulikuwa mji. Alirudi Nelson jioni, miguu ikimuuma, moyo haumuumi.

Jumanne bado alikuwa anapanda ghorofani maktaba. Agnes Benson alikuwa amempotea. Baada ya ile sensa ya sitini na moja hakumwona tena popote, si Bardsea, si Ulverston, na Sheila alidhani labda aliolewa na jina likabadilika. Audrey alikuwa akipitia ndoa za wilaya nzima, mwaka mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

Clifford alipiga simu Jumapili. Alisema baa ya kijiji imempa jiko siku za Ijumaa, na kwamba watu wa kule wakiona pilipili wanamwita mhudumu kama wameona panya.

"Punguza basi," alisema Audrey.

"Nimepunguza."

"Na chumvi?"

"Bi Dorothy naye kasema hivyohivyo," alisema Clifford.